Maswali ya Wavuvi: Miba, Meno na Mikia ya Mto Sabaki

Mto Sabaki ukifurika, maji mekundu hutapakaa baharini hadi ufuo wa Malindi mjini, na barua za wavuvi wa mto hufuata nyuma. Mwezi huu tumechagua zile zinazohusu viumbe vya maji baridi vinavyochoma, vinavyouma au vinavyomtia mtu hofu tu: kutoka daraja la Sabaki hadi mlangoni, yaani pale mto unapoingia baharini, kutoka Tana, na kutoka Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni. Barua zilizofanana tumeziunganisha kuwa moja.

Kambare ana sumu?

*Salaam aleikum wenye safu. Mimi huvua kambare kwa mshipi karibu na daraja la Sabaki. Juzi mmoja wa kilo tatu hivi alinichoma kiganjani nikimtoa ndoana, na mkono ukavimba siku tatu. Wenzangu wengine wanasema kambare ana sumu kali, wengine wanasema nilimshika vibaya. Wepi wasikizwe? Mvuvi wa Sabaki*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Wasikize wale wa pili. Kilichokuvimbisha mkono kwa siku tatu ni uchafu na ute ulioingizwa ndani ya tundu jembamba ambalo halikuoshwa likaoshwa.

Kambare ana miba miwili tu ya kuangaliwa, mmoja kila upande, mwanzoni mwa pezi la ubavuni nyuma ya kichwa. Pezi lile refu la mgongoni ni laini mwanzo hadi mwisho. Akitulia, miba hulala ubavuni na huioni. Akishtuka huisimamisha kando, akaikaza kwenye kiungo chake, na ikishakazwa hata uiminye vipi haikunjiki. Ukingo wake una vijino vya msumeno, ndiyo maana ukiingia kiganjani hutoka na nyama.

Mtu hujichoma kwa namna moja karibu kila mara. Anamkamata katikati ya mwili, ute unateleza, kambare anajirusha nyuma na mwiba unakita kiganjani kwa uzito wake wote. Kwa hiyo usimkamate katikati. Mlaze kwenye nyasi au mchanga, mbali na ukingo wa maji, umfunike kichwa kwa gunia lililoloa. Weka kiganja juu ya mgongo, pale mfupa wa kichwa unapoishia. Kidole gumba kikae nyuma ya mwiba wa upande mmoja, cha shahada na cha kati nyuma ya mwiba wa upande wa pili, na vidole viiguse miba yenyewe. Kugusa ndiko kunakokulinda: ukiacha nafasi ya upana wa kidole, atapata mahali pa kuchukulia kasi. Kambare wa zaidi ya kilo tano usimshike kwa mkono mtupu hata kidogo. Mkandamize ndani ya gunia na umtoe ndoana kwa koleo yenye mdomo mrefu.

Kosa jingine ni kudhani amekufa. Juu ya mashavu yake kambare ana kiungo cha kuvutia hewa, na akiwa na unyevu kidogo hukaa nchi kavu kwa saa nyingi. Aliyelala kimya chini ya mtumbwi tangu alfajiri bado anaweza kukuchoma mchana. Kumpiga rungu kichwani pia hakusaidii sana kwa sababu fuvu lake ni bamba la mfupa, rungu linadunda. Kisu kiingie nyuma tu ya fuvu, kikate uti wa mgongo.

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji safi mengi, dakika kumi au zaidi, tundu likiachwa wazi. Angalia kama ncha ya mwiba imekatikia ndani. Usipake mafuta ya taa, tumbaku wala majivu. Kama hukumbuki mara ya mwisho ulipochanjwa pepopunda, nenda ukachanjwe. Wekundu ukianza kupanda mkono, au homa na usaha vikitokea, hiyo ni kazi ya daktari siku hiyo hiyo.

Mwenye miba mitatu mlangoni mwa mto

*Maji yakijaa pale mlangoni mwa Sabaki, hupata kambare wa rangi ya fedha ambaye si yule wa juu mtoni. Mmoja alinichoma kwenye kifundo cha mguu, maumivu yakapanda hadi kwenye kinena, nikatapika. Huyu naye tumwiteje? Mvuvi wa Mambrui*

Huyo ni fumi, wa baharini, anayeingia mlangoni na maji kujaa. Mtofautishe hivi: mkia wa fumi umegawanyika pande mbili, wa kambare wa mtoni ni wa mviringo. Fumi ana pezi fupi la mgongoni lenye mwiba mmoja uliosimama, pamoja na miba miwili ya ubavuni. Ya kwake kweli ina sumu, na sumu yenyewe iko kwenye ngozi inayoufunika mwiba. Mwiba unapoingia ngozi hiyo huchanika, sumu ikabaki ndani.

Dawa ya kwanza ni maji ya moto. Sumu hii ni ya aina ya protini na huharibiwa na joto, na maumivu hupungua upesi kuliko kwa kidonge chochote utakachokipata ufuoni. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 45 za Selsiasi, lisizidi hapo. Asiye na kipimajoto atumie ndoo: lita moja ya maji yanayochemka kwa lita nne za maji ya mtungi itakupa joto la zaidi kidogo ya nyuzi 42. Tumbukiza mguu, na maji yakianza kupoa ongeza kikombe cha moto, mguu ukiwa nje. Anayepima joto atumie mkono usioumia, au mtu mwingine apime kabisa, kwa kuwa mguu wenye maumivu makali hauhisi sawasawa na watu wameungua hivyo. Endelea dakika 30 hadi 90. Usifunge kamba juu ya jeraha, usiweke barafu, usichanje kwa wembe. Vipande vya ngozi ya mwiba vilivyobaki ndani ndivyo vinavyooza baadaye, kwa hiyo jeraha lililozama sana au lililo karibu na kiungo lipigwe picha hospitali.

Maelezo haya yanamhusu pia taa, ambaye hulala kwenye tope la mlangoni hapo hapo. Ukitembea majini buruza nyayo, usinyanyue. Taa anayeguswa ubavuni huondoka. Anayekanyagwa mgongoni hurusha mkia.

Na ukimvua fumi mwenye mayai makubwa mdomoni, saizi ya gololi, huyo ni baba. Madume ndio huatamia mayai mdomoni, na wakati huo hawali, kwa hiyo mara nyingi ni wavu uliomkamata, si ndoana. Mrudishe majini.

Kobe amemeza chambo

*Nikitega kwa minyoo kwenye madimbwi ya kando ya mto hupata kobe wa maji mara kwa mara. Ananuka vibaya na anauma. Nifanyeje? Msomaji, Gongoni*

Mshike kwa gamba, nyuma kabisa, juu ya miguu ya nyuma. Kobe wa mito yetu huficha shingo kwa kuikunja upande, na shingo hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana: inamfikia anayeshika gamba katikati. Harufu ni kinga yake, huitoa kwenye tezi zilizo pembeni mwa gamba, na huisha kwa sabuni. Ndoana ikiwa mdomoni, subiri aume kijiti kisha itoe kwa koleo. Ikiwa kooni kata mshipi karibu kabisa na mdomo umwachilie. Usivute. Na ukipata kobe wawili mfululizo, hama pahali. Minyoo yako itaisha.

Vijana na mamba

*Wanangu wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine 17, huvua jioni ukingoni mwa mto. Mamba ameonekana mara kadhaa tangu mvua. Baba yao anasema mamba hana shida na mtu asiyemchokoza. Niwakataze kabisa? Mama wa Sabaki*

Mama, kwa heshima zote kwa mzee wa nyumba, mamba hangoji kuchokozwa. Mamba mkubwa wa mto humwona mtu aliyeinama ukingoni kuwa windo, sawa na mbuzi. Jioni na usiku wakataze. Mchana wanaweza kuvua, kwa masharti ambayo hayana mjadala.

Kwanza muelewe anavyowinda. Mamba anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima akiwa ametulia, na kwenye maji mekundu ya Sabaki kina cha magoti kinatosha kumficha wote. Hamkimbilii mtu nchi kavu. Hutazama ni nani anafika pahali gani na saa ngapi, akajisogeza polepole chini ya maji, kisha hutoka kwa mruko mmoja. Kwa hiyo hatari kubwa ni ile ya mazoea: jiwe lile lile, saa ile ile, mtoto yule yule anayeteremka kuosha mikono. Ukingo ambao haujaonekana mamba mwezi mzima si ukingo salama. Ni ukingo ambao hajaonekana.

Masharti basi. Wasimame hatua tano kutoka majini, palipoinuka kama papo, na mshipi uwe mrefu wa kutosha kurushwa kutoka hapo. Wabadilishe pahali kila waendapo. Samaki aliyenaswa aburutwe hadi nchi kavu. Asifuatwe majini, hata akiwa ndiye mkubwa wa mwaka. Ndoana ikinasa kwenye mzizi, mshipi ukatwe. Tunajua bei ya ndoana na chubwi, na bado ukatwe: kuingia maji ya kiunoni kwenda kunasua ndoana ni miongoni mwa mambo ya hatari zaidi ambayo mvuvi wa Sabaki anaweza kuyafanya.

Samaki waliovuliwa wasitungwe kwenye kamba iliyofungwa kiunoni, wala wasiachwe wakining'inia majini ili wakae wabichi. Wakae ndani ya ndoo yenye kifuniko, nyuma ya mvuvi. Kuparua na kutoa matumbo kufanywe nyumbani. Matumbo yanayotupwa kila siku mahali pamoja humfundisha mamba kuja, na anayemlipia somo hilo huenda akawa mwanamke anayeteka maji asubuhi yake.

Msimu nao una maneno yake. Mafuriko huwatoa mamba kwenye vidimbwi vyao na kuwateremsha hadi mlangoni. Wanavumilia maji ya chumvi, kwa hiyo kuonekana ufuoni si muujiza. Kiangazi, maji yakipungua, hujikusanya kwenye vidimbwi vilivyobaki, ambavyo ndivyo vyenye samaki pia. Na jike mwenye kiota hulinda mayai yake kiasi cha miezi mitatu kwenye mchanga wa ukingo. Ukiona kenge wanachimbachimba sehemu moja ya ukingo, huenda wananusa mayai ya mamba, na mama mwenyewe hayuko mbali. Ondokeni.

Akimshika mtu: asijaribu kuvutana naye tu, kwa sababu mamba hujibiringisha na kiungo hung'oka. Apige na kuchoma macho, kwa kidole, kisu au ncha ya fimbo. Mkono ukiwa tayari ndani ya kinywa, ausukume hadi kwenye pazia la ngozi lililo nyuma ya ulimi, linalozuia maji yasiingie kooni. Likisukumwa maji hupita, na mara nyingine mamba huachia. Walio nchi kavu wamsaidie kwa fimbo na kamba, wasiruke majini. Jeraha lolote la jino la mamba, hata dogo, liende hospitali bila kushonwa nyumbani, maana vijidudu vya kinywa chake huozesha nyama kwa muda mfupi.

Mwisho wa jibu hili, jambo ambalo familia nyingi hazilifuatilii. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013, mamba na kiboko wamo kwenye orodha ya wanyama ambao serikali hulipa fidia wakimdhuru mtu: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha lililoleta ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Ripoti mapema kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, jaza fomu ya madai, weka ripoti ya daktari na nakala zake. Malipo huchelewa, tena sana, lakini dai lisiloandikwa halilipwi kabisa. Na mamba asiuawe na wanakijiji kwa hasira. Kisheria ni kosa, hata akiwa ameua mbuzi wenu. KWS ndio wenye kumhamisha.

Kiboko na mtumbwi mdogo

*Ziwa Kenyatta linapopungua viboko husongamana na sisi wenye mitumbwi hatuna pa kupita. Je, ni kweli kuwa kiboko akipiga miayo amechoka? Mvuvi wa Mpeketoni*

Amechoka nawe. Kiboko anayefunua kinywa wazi mbele ya mtumbwi anakuonyesha meno, na hiyo ni onyo la mwisho au la kabla ya mwisho.

Ziwa lenu ni la kina kifupi, na ukame unapolishusha, madume yanayogombea kidimbwi kimoja huwa na hasira maradufu. Msifanye desturi ya kupita katikati. Fuateni maji ya kina kifupi kando ya ukingo, mkiwaachia wao kina, kwa sababu kiboko akiogopa hukimbilia kwenye kina na hataki kumkuta mtu njiani. Kila baada ya dakika chache, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi. Kelele hiyo humfanya ainuke ajionyeshe kabla hujawa juu yake. Kiboko mzima huibuka kuvuta pumzi kila dakika tatu hadi tano. Hesabu vichwa, na kimoja kisipoibuka kwa muda huo simama, usiendelee. Mfuatano wa viputo au wimbi dogo linalokuja moja kwa moja upande wako maana yake ni kwamba anatembea chini akikujia. Piga kafi kuelekea ukingoni, si kwenye kina. Mtumbwi ukipinduka uuache, uogelee upande wa nchi kavu. Mara nyingi mtumbwi ndio anaoushambulia.

Nchi kavu ana kasi ya kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo usimshindanie mbio. Magharibi ikiingia hutoka kwenda malishoni kwa njia zile zile, ambazo utazitambua kwa mikondo miwili sambamba yenye tuta la nyasi katikati. Kuketi kwenye njia hiyo na kurusha mshipi kwa kuwa ukingo umefunguka vizuri ni jambo ambalo wageni hufanya kila mwaka.

Nyoka, mkunga au kamongo?

*Kule Ozi, karibu na Kipini, nilivuta kitu kirefu cheusi chenye mwili laini. Kilijizungusha kwenye mshipi kikaufanya fundo. Nilikata nikakimbia. Wazee wanasema alikuwa mkunga, kijana mmoja anasema kamongo. Msomaji wa Tana*

Kujisokota mshipini ni tabia ya mkunga. Angalia mambo matatu. Nyoka ana magamba makavu na hana tundu la shavu wala pezi. Mkunga wa mtoni ana vipezi viwili vidogo nyuma ya kichwa, na pezi moja refu linalozunguka mkia wote. Mkunga wa baharini, yule wa kwenye miamba anayeweza kufika mlangoni, hana vipezi hivyo vya ubavuni. Huyu wa mwisho ndiye mkali: meno yake yameelekea nyuma, na kooni ana taya nyingine zinazosogea mbele kuvuta alichouma. Asishikwe kwa mkono kwa sababu yoyote ile.

Mkunga wa mtoni huuma mara chache. Taabu yake ni utelezi. Mtie kwenye gunia kavu au mmwagie mchanga mkavu, ushike kwa kitambaa. Lakini uangalie damu yake. Damu mbichi ya mkunga ina sumu. Ikiingia jichoni au kwenye mkato wa kidole huwasha sana. Nawa kabla hujajipangusa uso. Moto huimaliza sumu hiyo, kwa hiyo apikwe aive kabisa. Ni samaki mwenye safari ya ajabu: huzaliwa baharini, katika Bahari ya Hindi, akapanda mto akiwa mwembamba na angavu kama kioo, akakaa miaka mtoni, kisha hushuka tena baharini kuzaa. Mkubwa unayemvua mlangoni wakati wa mafuriko huenda yuko njiani kurudi.

Kamongo naye yupo katika delta ya Tana, ila ni mfupi na mnene, mara chache hupita nusu mita. Wale wa karibu mita mbili ni wa Ziwa Victoria. Mahali pa mapezi kamongo ana nyuzi nne ndefu, mbili mbele na mbili nyuma. Huvuta hewa kwa mapafu na kiangazi hujizika matopeni. Hana meno ya kuchoma, ana mabamba makali yanayokutana sawasawa na makali ya mkasi, na taya zake zina nguvu za kupasua konokono. Kidole kikiingia katikati hakitoki kizima. Mwache atulie kwenye ndoo, au ukate mshipi, na ukimtaka tena tumia waya badala ya nailoni.

Samaki wa umeme

*Shikamooni. Nimepata kazi Kalokol, Ziwa Turkana. Nimeambiwa huko kuna kambare anayepiga umeme. Tana na Sabaki sijawahi kumsikia. Kijana wa Malindi*

Marahaba, mwanetu. Yupo, na si hekaya. Mtambue mapema: mwili mnene na laini, macho madogo, sharubu jozi tatu, na mgongoni hana lile pezi refu la kambare uliyemzoea, ana kijipezi kidogo cha nyama tu karibu na mkia. Kambare wa kwetu ana sharubu jozi nne. Ukiona mgongo mtupu, mkono uko nyuma.

Kiungo cha umeme kimemzunguka mwili mzima chini ya ngozi, na mkubwa hufikia volti 350 hivi. Hazidumu, kwa hiyo si kawaida kumuua mtu mzima, lakini zinatosha kukuangusha majini, na majini ndiko kwenye mamba wa Turkana. Usishike waya wa ndoana kwa mkono ulioloa. Mvute ukiwa juu ya nchi kavu, umtoe kwa koleo yenye mikono ya mpira, glavu za mpira zikiwa kavu ndani na nje, au umwangushe kwa kijiti kikavu. Aliyekufa sasa hivi bado anaweza kutoa pigo moja la mwisho, kwa hiyo mpe muda.

Kichocho

*Wanaovua kwa kusimama majini wanaambiwa wajipanguse haraka kwa taulo ili wasipate kichocho. Inatosha?*

Haitoshi. Vijidudu hivyo hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia na huingia ngozini kwa dakika chache, wengi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Vaa buti ndefu za mpira au kaa nchi kavu. Mkojo wenye damu miezi michache baada ya kuingia maji uupeleke ukapimwe. Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa kawaida.

Kenge aliyechukua samaki, ndoana ikabaki kidoleni

*Kenge alivamia samaki wangu ukingoni. Nikimnyang'anya, ndoana ilizama kwenye kidole gumba hadi kijino kikapita ndani. Tuliichomoa kwa kukata nyama. Kuna njia nyingine? Mvuvi wa Sabaki*

Ipo, na inahitaji nusu mita ya mshipi mnene tu. Ila kwanza kuhusu kenge: mwachie. Mkia wake huchapa, makucha yake hupasua, na akiuma hang'atuki.

Kata mshipi uliounganishwa na ndoana, na kama ndoana ina ncha tatu kata zile mbili zisizoingia. Pitisha mshipi mnene kwenye pindo la ndoana, karibu na ngozi, ncha zote mbili uzizungushe kwenye kidole chako imara. Kwa kidole cha mkono wako mwingine, kandamiza jicho la ndoana chini hadi uti wake ulale juu ya ngozi. Mkandamizo huo ndio unaokibandua kijino kutoka nyamani; bila huo utachana tu. Sasa mwelekeze majeruhi atazame kwingine, na uvute kwa mshtuko mmoja, sambamba na ngozi, kurudi ilikotokea. Usivute polepole, usivute kwenda juu. Watu wasisimame mbele, ndoana huruka.

Ikishindikana mara mbili, acha, nenda hospitali. Njia hii haifai kwa ndoana iliyoingia shingoni, karibu na mshipa mkubwa wa damu, au ndani ya kiungo. Iliyoingia jichoni haiguswi kabisa: funika jicho kwa kikombe cha karatasi kisichoigusa, kibandike, umpeleke mgonjwa hospitali akiwa ameketi, na umkataze kusugua.